Kwetu Tulisema Hewani

Columbus, Jumapili, 17 Mei 2015

Leo baada ya ibada tumekata shauri. Au niseme kweli: mume wangu Rurangwa amekata shauri, mimi nimeitikia kwa masharti. Binti yetu Teta ana miaka kumi na minane, anamaliza shule mwezi huu, na kazi pekee anayoitaka ni kucheza tenisi. Baba yake amempa kiangazi hiki tu.

Kocha Darlene, aliyemfundisha tangu alipomwona akiokota mipira kwenye viwanja vya manispaa, alikuja kutueleza mambo mezani kwa kutumia vijiko vyangu. Kuna orodha moja ya dunia ya wanawake wanaocheza tenisi ya kulipwa. Msichana wa ngazi ya Teta, ili jina lake liingie humo, ni lazima apate pointi katika mashindano matatu tofauti. Msimu huu yapo matatu madogo yasiyo mbali: Louisville mwezi wa sita, hapa kwetu mwezi wa saba, Buffalo mwezi wa nane. Akaweka vijiko vitatu mezani. Kijiko kimoja kikikosekana, orodha haipo.

Jina likiingia, Teta ataendelea na Rurangwa hatatia neno. Lisipoingia, mwezi wa tisa anaanza kazi ghalani Reynoldsburg, zamu moja na baba yake. Nimeitikia, lakini vijiko nimeviacha pale pale mezani, na mtu asiviguse.

Jumatano, 20 Mei

Mvua. Hakuna mazoezi. Teta alikwenda hewani akapiga mpira kwenye ukuta wa maegesho mpaka meneja wa nyumba akatoka na mwavuli kuja kumwomba aache. (Kwetu tunasema hewani. Lile neno lingine halisemwi katika nyumba hii. Sababu ni ndefu, nitaiandika siku nikiwa na moyo.)

Alhamisi, 28 Mei

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo Mzee Wendell, ninayemwogesha asubuhi. Anaijua tenisi kuliko anavyowajua wanawe. Nikimpaka sabuni mgongoni ananihubiria: wanaume wa Marekani wamelala, ni zaidi ya miaka kumi hakuna aliyebeba hata moja ya yale makombe manne makubwa. Upande wa wanawake, mzigo wote wanaubeba dada wawili waliokwisha kupita thelathini. Baada yao nani, ananiuliza, kana kwamba nimeficha jibu kwenye ndoo.

Nikamwambia: Teta. Akauliza kama hilo ni jina la dawa.

Jumanne, 2 Juni

Rurangwa amenunua viatu vya kazi vyenye chuma puani, saizi ya Teta. Ameviweka mlangoni. 

Louisville, Jumamosi, 13 Juni

Tumefikia kwa binamu yangu Gasore. Joto la huku linamkaa mtu shingoni.

Nilidhani mashindano ya kulipwa yana majukwaa na wauza soda. Kumbe ni viwanja vya saruji nyuma ya shule, wazazi wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, na mbwa mmoja. Darlene anasema nisidharau, wasichana ninaowaona leo kwenye televisheni ya Mzee Wendell walikuwa kwenye viwanja kama hivi miaka miwili iliyopita. Nikasoma majina ubaoni. Yapo ya Haiti, ya Nigeria, ya Kirusi, ya Korea, na yote pembeni yameandikwa Marekani. Nikaliona la Teta, nalo pembeni Marekani. Nilisimama pale muda mrefu nikijifanya natafuta saa ya mechi.

Ameshinda mechi ya kwanza ya mchujo bila shida.

Louisville, Jumapili, 14 Juni

Nina hasira, nitaandika kwa hasira.

Leo ilikuwa mechi ya mwisho ya mchujo, dhidi ya msichana wa Florida mwenye kofia nyeupe na msuko mrefu. Katika mchujo hakuna mwamuzi kitini. Kila mchezaji anahukumu mipira inayoangukia upande wake. Ukipita mstari, yeye ndiye wa kutamka, kwa sauti au kwa kidole, na papo hapo. Ukichelewa, mpira umehesabiwa ni mzuri. Yupo msimamizi mmoja anayezunguka viwanja vyote, anaitwa tu watu wakikosana.

Teta alikuwa anashinda. Kisha yule wa Florida akaanza kupiga mbali, na mipira ikawa inapita mstari. Niliiona kwa macho yangu, nimekaa usawa wa mstari wenyewe. Teta naye aliiona. Midomo yake ilicheza, kidole kikapanda mpaka kiunoni, basi. Yule mwenzake hakusikia kitu, akaendelea kupiga, na Teta akaendelea kukimbilia mipira iliyokwisha kufa. Mara moja alijikaza akasema, lakini kwa kuchelewa. Msimamizi akaitwa, akampa pointi yule wa Florida. Ikawa hivyo tena na tena, na seti ya tatu ikaenda.

Kwenye gari nilimgombeza. Nilimwambia yule msichana ni mwizi na yeye Teta ndiye aliyemfungulia mlango. Alinijibu kwa Kiingereza, taratibu, kwamba yule hakuiba kitu, hakusikia tu. Nikamuuliza ana nini kooni. Akageukia dirishani.

Kijiko cha kwanza kimeanguka, na Rurangwa nimemwambia kwa simu. Hakufurahi, lazima niseme. Aliuliza tu kama mtoto amekula.

Louisville, Jumatatu, 15 Juni

Mungu ana utani. Msichana mmoja wa droo kuu, yaani mashindano yenyewe ambako pointi hupatikana, ameumia kifundo cha mguu, na nafasi yake hupewa mmoja wa walioshindwa mwisho wa mchujo. Wanamwita mshindwa mwenye bahati. Wamemchagua Teta. Gasore amesema jina hilo lingemfaa kila mtu wa ukoo wetu.

Louisville, Jumatano, 17 Juni

Ameshinda! Pointi ya kwanza. Nimempigia simu kila mtu ninayemjua na wawili nisiowajua vizuri.

Lakini nataka niandike nilichokiona. Kwenye droo kuu mwamuzi anakaa kwenye kiti kirefu na kutamka kila mpira. Teta hana la kusema, kazi yake ni kupiga tu, na alipiga kama mtu mwingine kabisa. Mpinzani wake, aliyepangwa wa pili kwa ubora katika mashindano haya, hakupata hata nafasi ya kupumua. Ni mtoto yule yule, raketi ile ile, siku tatu tu baadaye. Kwa hiyo ugonjwa hauko mkononi. Uko kwenye lile neno la kutamka.

Nadhani najua ulikotoka, na sitaki kujua.

Columbus, Jumamosi, 27 Juni

Zamu mbili mfululizo. Miguu imekufa.

Columbus, Jumatano, 15 Julai

Pointi ya pili. Waandaaji wa hapa walimpa Teta nafasi ya bure moja kwa moja kwenye droo kuu kwa kuwa ni mtoto wa mji. Mwamuzi kitini, Teta uwanjani, kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Nusu ya kanisa letu ilikuwepo. Walipiga makofi hata mipira ilipookotwa, na mwamuzi akawasamehe.

Mzee Wendell ameniamuru nimweleze gemu kwa gemu. Nilipomaliza alisema, kwa sauti ya daktari, kwamba huenda ile dawa inafanya kazi.

Viatu bado viko mlangoni. Rurangwa anavipangusa vumbi.

Columbus, Jumapili, 26 Julai

Barua pepe ya Buffalo imekuja. Hakuna nafasi ya bure. Teta ataanzia kwenye mchujo, yaani bila mwamuzi. Darlene alituambia bila kutuzunguka: mkono uko tayari, lakini asipotamka, hatapita.

Jioni nilikuwa naosha sombe, majani yetu ya muhogo, Teta anakata vitunguu. Nikamuuliza tena, safari hii bila ukali, kwa nini hasemi. Akaweka kisu chini.

"Mama, ni weye ulikataza."

Akasema hata kwa Kiingereza neno ni lile lile, linatoka na sura ile ile.

Basi leo nina moyo, niandike. Tulipokuwa kambini Burundi, Teta akiwa na miaka mitano, tulipanga foleni ya unga tangu alfajiri. Tulipofika mbele, mlinzi mmoja alitazama sura zetu, akasema sisi si Wakongomani, watu wa milimani turudi tulikotoka. Akanishika mkono. "Inje! Inje!" Ndivyo kwetu tunavyotamka nje. Alitutoa mbele ya watu wote, na Teta akalishika lile neno akawa analirudia usingizini. Siku hiyo nikapiga marufuku. Nikasema katika nyumba yangu hakuna atakayemwambia mwenzake hivyo, awe mtu, awe paka. Mtoto akitaka kwenda kucheza, aseme anaenda hewani. Wageni walitucheka. Sisi tukazoea, na sheria ikavuka bahari pamoja nasi.

Nilimjengea ukuta wa kumkinga, na leo amekwama nyuma yake. Nimelia kidogo juu ya sombe. Teta naye alilia, lakini yeye alisingizia vitunguu.

Columbus, Jumanne, 4 Agosti

Nimejaribu kulisema peke yangu bafuni. Halikutoka.

Buffalo, Jumamosi, 8 Agosti

Tumefikia kwa Bulonza, hapa Kensington-Bailey, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao. Tulijuana kambini. Yeye ni Mshi wa Bukavu, sisi ni Banyamulenge wa milimani, wote wa Kongo, na pale kambini kuna waliomwambia asitusalimie. Alitusalimia kwa sauti kubwa kila asubuhi, makusudi. Sasa anafanya kazi kiwandani na sauti haijapungua.

Viwanja vya huku ni vya udongo wa kijani uliosagwa laini. Mpira ukianguka unaacha alama. Teta ameshinda kwa sababu mpinzani wake alikuwa dhaifu. Mipira iliyopita mstari aliicheza yote.

Buffalo, Jumapili, 9 Agosti

Ameshinda tena, kwa taabu. Kesho ni mechi ya mwisho ya mchujo, na ubaoni imeandikwa nani? Yule wa Florida mwenye kofia nyeupe.

Baada ya chakula cha mchana nilimweleza Bulonza kila kitu. Alisikiliza, akasogeza viti vyote ukutani, akatandika zulia lake jekundu katikati ya sebule. Pembe ya zulia ndiyo mstari. Yeye anarusha mpira, Teta anatamka. Teta alitamka.

"Hapana," Bulonza akasema. "Ile ni sauti ya kuomba chumvi."

Akarusha tena, na tena. Teta alijaribu kwa Kiingereza, akajaribu kwa kidole, lakini sauti ilifika kooni ikarudi. Bulonza akalipiga neno mwenyewe kumwonyesha namna, mpaka jirani wa chini akapanda ngazi kuuliza ni nani anafukuzwa. Tukamwambia hakuna, ni mpira. Akatutazama vile Wamarekani wanavyotutazama, akashuka.

Ndipo Teta akageuka kwangu. "Sema weye kwanza, Mama."

Nikasema mimi sichezi tenisi. Bulonza akatua mpira mezani.

"Bon, Bamurange, sikia. Ile siku ya unga mimi nilikuwa nyuma yenu, niliona. Baliwatoa mubaya. Lakini mulango ni weye ulifunga, donc ni weye utafungua. Ule mulinzi hayuko hapa. Hapa iko zulia na balle, mupira tu."

Akarusha mpira. Ulianguka mbele ya miguu yangu, mbali na zulia. Nilihisi mkono wa yule mtu kwenye mkono wangu, kweli nilihisi. Kisha nikafungua kinywa.

"Inje."

Haikuwa kubwa, lakini ilikuwa imetoka. Hakuna kilichonipata. Sufuria iliendelea kuchemka, Bulonza aliendelea kunitazama. Nikaokota mpira nikaurusha mwenyewe, nikasema tena, safari hii kwa nguvu, kisha nikamrushia Teta. Akasema, na nikamrushia mwingine, akasema zaidi. Mwishowe tulikuwa tunapiga kelele watu watatu, tunacheka mpaka mbavu zinauma, na jirani wa chini akapanda tena. Safari hii Bulonza alimpa sambusa.

Buffalo, Jumatatu, 10 Agosti

Niandike haraka kabla haijapoa.

Jua kali, upepo kutoka ziwani. Nilisimama nyuma ya uzio na Bulonza, aliyebadilishana zamu ili aje. Darlene alituapisha tusiseme neno lolote, maana kelele zetu zingehesabiwa ni maelekezo.

Seti ya kwanza ilikwenda kwa yule wa Florida. Mipira miwili ilipita mstari na Teta akainyamazia. Bulonza alishika wavu wa uzio kwa vidole vyote kumi. Seti ya pili, mwanzoni tu, ukaja mpira mrefu, ukapita kiganja kizima. Nikaona kifua cha Teta kinapanda.

"Out."

Kila mtu alisikia. Yule wa Florida akainua mkono kukubali, akarudi mahali pake, yakaisha. Teta alibaki amesimama, anatazama pale mpira ulipoanguka, kana kwamba alingoja mtu aje amshike mkono. Hakuja mtu. Tangu hapo nilimwona mwanangu akikua mbele ya macho yangu. Hakukimbilia tena mipira iliyokufa, kwa hiyo alikuwa na pumzi kwa iliyo hai. Alipiga ule mkono wake wa kulia kwenye kona zote, akamkimbiza mwenzake mpaka kofia nyeupe ikawa ya kijani. Seti ya pili ikawa yetu.

Ya tatu sitaki hata kuikumbuka yote. Wote wawili walikuwa wazuri, ndiyo kweli, na lazima nimwandikie haki yake yule wa Florida: anapigana bila kulalamika, na mpira wa Teta ukiwa mzuri anausifu kwa kugonga raketi. Nilimwita mwizi mwezi wa sita. Nafuta.

Ikafika pointi ya mechi kwa Teta. Walipigiana mpira muda mrefu, hakuna anayekubali. Yule wa Florida akapiga kwa nguvu zake zote, mpira ukaanguka karibu na mstari wa nyuma, vumbi la kijani likaruka. Kutoka pale nilipokuwa sikujua. Hakuna aliyejua ila Teta.

"Inje!"

Alilipiga kwa Kiswahili, kwa sauti ya zulia la Bulonza, na likasikika viwanja vyote vinne. Watu wakageuka. Hata yeye mwenyewe alishtuka, akaweka mkono kinywani. Msimamizi akaja mbio kuuliza kumetamkwa nini, maana hilo neno halimo kwenye kitabu chake.  Nilidhani wataurudia mpira, au watampa mwenzake.

Yule wa Florida alikuwa amekwisha kuja mpaka wavuni. Akapanyooshea raketi pale mpira ulipoangukia. Alama ilikuwepo, ya duara, na kati yake na mstari udongo ulikuwa safi.

Alimwambia msimamizi kwa Kiingereza ninachokielewa hata mimi: "Amesema umetoka. Na umetoka."

Akampa Teta mkono. Kisha akamwambia jambo, na Teta akacheka. Baadaye nilimuuliza ni jambo gani. Alimwambia kwamba Louisville alitamani sana angalau amsikie sauti.

Bulonza alipiga vigelegele vilivyokuwa vimemkaa tangu asubuhi. Mimi niliimba. Darlene alitukumbusha kwamba pointi bado, hii ilikuwa kuingia tu kwenye droo kuu. Nikamwambia ninajua, na nikaendelea kuimba.

Buffalo, Jumatano, 12 Agosti

Pointi ya tatu! Seti mbili tupu. Leo mwamuzi alikuwa kitini, hakuna aliyehitaji kutamka chochote, lakini mpira mmoja ulipopita Teta alitamka tu, kwa raha zake. Mwamuzi alitabasamu.

Nimempigia Rurangwa. Kulikuwa na kelele za mashine ghalani, nikarudia mara tatu. Akaniambia ngoja kidogo, halafu nikamsikia anawatangazia wenzake kwa Kinyamulenge, kwa Kiswahili na kwa kile Kiingereza chake. Tisa, kumi: mashine zilizimwa.

Columbus, Jumatatu, 24 Agosti

Mzee Wendell leo alivaa tai juu ya pajama. Alikuwa amekitangazia chumba chote cha kulia kwamba mtoto wa mwoshaji wake anaingia kwenye orodha ya dunia, na mtu akiuliza tena baada ya wale dada wawili nani, aje kwake. Nilimwambia Teta yuko mbali, mbali kweli, kuna mamia ya wasichana mbele yake, na wengi wao ni wa nchi hii hii. Akasema hiyo ndiyo habari njema yenyewe, nisimharibie siku kwa unyenyekevu.

Nilirudi Northland, mtaani kwetu, kwa basi, na kutoka kituo cha Morse Road karibu nikimbie. Rurangwa, ambaye wiki hii ana zamu ya usiku, alikuwa ameamka mapema, amekaa mezani mbele ya vijiko vitatu. Teta alikuwa na simu mkononi, anasukuma majina kwa kidole gumba, chini, chini zaidi. Kisha kidole kikasimama. Alikitazama kioo, halafu akampa baba yake simu, si mimi, na alivyofanya hivyo alifanya vizuri.

"Papa, niko ndani."

Rurangwa alisoma jina, na bendera iliyo pembeni yake. Akasoma tena akilifuata kwa ukucha. Aliinuka, akaenda mlangoni, akainama akaviokota vile viatu vyenye chuma puani, akavipangusa kwa mara ya mwisho kwa mkono wake wa shati. Akafungua mlango kwa kiwiko.

"Bon," akasema, "basi hivi viende inje."

Tukatazamana wote watatu. Miaka yote hiyo neno hilo halikuwa limewahi kusemwa chini ya dari yetu. Kisha Teta akaanza kucheka, nami nikamfuata, na Rurangwa akabaki mlangoni na viatu mikononi, akiuliza amesema nini cha kuchekesha.

Nimeosha vijiko. Tumekulia ugali na sombe mezani, na mlango tumeuacha wazi.